Kulisha bakteria wanaokula mafuta: namna ya kusafisha ufuo baada ya meli kumwaga

Kabla hujanunua chupa yoyote iliyoandikwa kwamba ina bakteria wa kusafisha mafuta, jua kwamba bakteria hao tayari wako baharini, na wako kwenye mchanga unaoukanyaga. Mafuta yamekuwa yakichuruzika yenyewe kutoka kwenye nyufa za sakafu ya bahari tangu kale, na hata viumbe vidogo vya baharini hutengeneza haidrokaboni, yaani viungo vinavyounda mafuta, kila siku. Kwa hiyo kila bahari ina walaji wake. Anayejulikana zaidi ni Alcanivorax borkumensis, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1998 kutokana na kisiwa cha Borkum katika Bahari ya Kaskazini. Kwenye maji safi ni wachache mno hata kuwapata ni kazi. Mafuta yakimwagika, huzaana ndani ya siku chache mpaka wanawazidi wengine wote. Sukari hawaigusi, maisha yao ni mafuta. Hutoa hata aina ya sabuni yao wenyewe inayovunja mafuta kuwa matone madogo ili wapate pa kushika.

Kinachowakwamisha ni mahitaji mengine. Mafuta yana kaboni tele lakini karibu hayana naitrojeni wala fosforasi, na bila oksijeni kimeng'enya kinachoanza kukata mnyororo wa mafuta hakifanyi kazi. Ni sawa na kumpa mtu gunia la unga bila maji wala moto. Kazi yako ufuoni ni kuleta maji na moto: hewa na mbolea, kwa kipimo, mahali mafuta yalipo.

Hilo lilionekana wazi Alaska. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika Prince William Sound na kumwaga zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi. Kiangazi hicho kipande kimoja cha ufuo wa mawe kilinyunyiziwa mbolea inayonata kwenye mafuta, na vipande vya jirani vikaachwa. Baada ya wiki mbili hivi mawe ya kipande kile yalikuwa yamesafika kiasi kwamba mstatili mweupe ulionekana kutoka kwenye helikopta. Mwaka uliofuata zilijaribiwa bidhaa zenye bakteria wa kununuliwa. Hazikuipita mbolea peke yake. Jaribio la Delaware, Marekani, la mwaka 1994, lililopangwa kwa uangalifu mkubwa, lilileta jibu lilelile. Ndiyo maana mwongozo huu hautumii bakteria wa chupa popote isipokuwa kama kitu cha kupimwa.

Jambo moja la kisheria kabla ya kuendelea. Kumwaga mbolea au kemikali yoyote baharini kunahitaji idhini. Kenya anza na Mamlaka ya Bahari (KMA) na mamlaka ya mazingira (NEMA). Tanzania Bara anza na Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) na baraza la mazingira (NEMC). Waite kabla hujachanganya ndoo ya kwanza.

Kwanza koleo

Bakteria hula tabaka jembamba. Donge nene la mafuta hulamba kwa nje tu, na ndani linabaki kama lilivyo kwa miaka. Chukua konzi ya mchanga uifinye: mafuta yakichuruzika kati ya vidole, bado ni kazi ya koleo, ndoo na toroli. Mchanga ukiwa umepakwa tu, rangi ya kahawia bila kuchuruzika, hapo bakteria wanafaa.

Usianze siku ile ile. Mafuta mabichi hutoa benzini na mvuke mwingine wenye sumu. Kaa upande upepo unakotoka, na ngoja siku moja au mbili harufu kali ipungue. Vaa gambuti na glovu za mpira mgumu, si zile nyembamba za hospitali ambazo mafuta huzilainisha.

Makosa mawili hufanyika hapa karibu kila mara. La kwanza ni kumwaga sabuni ya unga au ya maji. Sabuni husukuma mafuta chini zaidi ndani ya mchanga na kuua mabuu wa kaa na samaki. La pili ni kufukia mafuta kwa mchanga safi ili ufuo upendeze. Hapo umewanyima bakteria hewa, na bamvua kubwa inayofuata, bahari inapojaa kupita kawaida, itayafukua.

Vizuizi vya majani navyo visisahauliwe. Meli ya Wakashio ilipokwama Mauritius tarehe 25 Julai 2020 na kuvujisha takriban tani 1,000 za mafuta, wananchi walishona vizuizi vya majani ya miwa kwa mikono yao, na vilisaidia sana kunyonya mafuta. Lakini majani yakishalowa lazima yatolewe yote. Yakiachwa yaozee mchangani, bakteria wa kuozesha majani watagombania oksijeni na naitrojeni ileile unayotaka iende kwenye mafuta.

Pima hewa kabla ya kufikiria mbolea

Bakteria kula na kuunguza mwilini kilo moja ya mafuta mpaka mwisho kunahitaji takriban kilo 3.5 za oksijeni. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba kama miligramu 6 tu kwa lita. Piga hesabu: kilo moja ya mafuta inataka oksijeni ya zaidi ya lita nusu milioni za maji. Ufuo wa mchanga mkubwa au kokoto hupata kiasi hicho kwa sababu maji huingia na kutoka mara mbili kwa siku, yakivuta hewa nyuma yake. Matope hayapati.

Maji yakipwa, chimba shimo la sentimita 30. Mchanga wa kahawia au kijivu cheupe mpaka chini ni dalili nzuri. Ukifika kwenye tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza, hiyo ni salfaidi, na maana yake oksijeni imekwisha hapo. Kama una mita ya oksijeni, acha maji yajae shimoni kutoka chini bila kuyakoroga na upime mara moja. Chini ya miligramu 2 kwa lita, mbolea haitasaidia chochote mpaka hewa ipatikane.

Kwenye mchanga ulioshindiliwa unaweza kutifua kwa jembe uma mpaka pale mafuta yanapoishia, usipitilize. Ukitifua chini ya mafuta unayazamisha. Tifua mara moja kwa wiki, maji yakiwa yamekupwa kabisa.

Alaska yenyewe ilifundisha somo hili kwa uchungu. Mafuta ya juu yaliisha, lakini chini ya mawe makubwa, ambako maji hayazunguki, mafuta mabichi yaliendelea kufukuliwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Waliochunguza fukwe hizo walikuta tabaka la chini halina oksijeni ya kutosha. Mbolea ya juu haikuwa imefika huko.

Jaribio la chupa, siku 28

Hili lifanye kabla ya kutibu ufuo mzima. Litakuambia kama bakteria wa hapo wanahitaji mbolea au wanajitosheleza. Tafuta mitungi 12 ya glasi ya lita moja yenye mdomo mpana. Plastiki isitumike, maana hunyonya mafuta na kukupa jibu la uongo. Changanya mchanga wenye mafuta kwenye ndoo ya chuma mpaka uwe sawasawa, kisha weka gramu 200 kwenye kila mtungi pamoja na mililita 400 za maji ya bahari ya hapohapo.

Yeyusha gramu 29 za nitrati ya potasiamu na gramu 1.75 za fosfati ya potasiamu (ile yenye fomula KH2PO4) katika lita moja ya maji safi. Mililita 10 za mchanganyiko huu huupa mtungi miligramu 40 za naitrojeni na miligramu 4 za fosforasi. Mimina taratibu huku ukikoroga. Ukiona ukungu mweupe, fosfati imeshikana na chokaa ya maji ya bahari. Umemimina kwa haraka.

Mitungi mitatu iache bila nyongeza. Mitatu ipe mbolea, na urudie kipimo hicho siku ya 14. Mitatu ipe mbolea pamoja na bakteria wa kununuliwa, kama kuna mtu anataka kukuuzia. Mitatu ya mwisho ni ya wafu: mchanga na maji yake yachemshwe kwenye sufuria ya presha kwa nyuzi 121, dakika 30, upoe, urudiwe kesho yake. Hiyo itakuonyesha kiasi kinachopotea kwa kuvukizwa tu, bila mlaji. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Usifunge vifuniko. Kosa hili huharibu majaribio mengi kuliko yote, nalo linaeleweka kwa hesabu fupi. Kama mchanga una gramu 5 za mafuta kwa kilo, mtungi una gramu 1. Hewa iliyobaki juu ya maji ni kama nusu lita, na ndani yake mna takriban miligramu 140 za oksijeni. Hiyo inatosha kuunguza miligramu 40 za mafuta, basi. Funga kifuniko na baada ya siku chache bakteria watasimama, nawe utahitimisha kwamba mbolea haifai. Funika kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kwa raba, weka kivulini, na tikisa mara tatu kwa siku, au tumia pampu ndogo ya tangi la samaki. Maji yakipungua ongeza maji safi, si ya bahari, la sivyo chumvi itapanda.

Katika siku za mwanzo mitungi yenye mbolea itaanza kuwa na maji yenye ukungu wa rangi ya chai na maziwa. Huo ukungu ni bakteria pamoja na matone ya mafuta waliyoyavunja. Utando wa juu hukatika vipande, kisha huwa kama makapi. Mitungi ya wafu hubaki na utando wake mzima.

Mitungi ya mbolea na ya bila mbolea ikifanana siku ya 28, acha ufuo wako ujisafishe, na fedha za mbolea zitumie kwenye koleo.

Hesabu ya mbolea

Pima kwanza kilichopo. Toboa matundu madogo kwenye sentimita 10 za mwisho za bomba la plastiki la inchi moja, zungushia kitambaa cha chandarua, zika mpaka sentimita 30 na ziba mdomo. Maji yakipwa, vuta maji ya ndani kwa sirinji na kimpira. Pima nitrati kwa vifaa vya kupimia matangi ya samaki wa baharini. Vile vya maji baridi hudanganywa na chumvi. Angalia pia kama kipimo kinasoma nitrati nzima au naitrojeni: kikisoma nitrati nzima, gawanya kwa 4.4.

Unachotaka ni miligramu 2 hadi 10 za naitrojeni kwa kila lita ya maji yaliyo kati ya chembe za mchanga. Ikiwa ufuo tayari una 2 au zaidi, kama ilivyo rahisi kutokea karibu na hori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) zinazopokea maji taka, usiongeze kitu. Huko Delaware naitrojeni ya asili ilikuwa kama miligramu 0.8, na hata kwa kiasi hicho mafuta yalikuwa yakiliwa kwa kasi nzuri bila msaada.

Sasa chukua kipande cha mita 10 kwa 10, mafuta yameingia sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 15 za mchanga. Nafasi kati ya chembe ni kama asilimia 40, kwa hiyo kukijaa maji kuna lita 6,000. Ili kufikia miligramu 10 kwa lita unahitaji gramu 60 za naitrojeni na gramu 6 hadi 12 za fosforasi. Gramu 45 za mbolea ya DAP hutoa kama gramu 9 za fosforasi na gramu 8 za naitrojeni. Gramu 52 zilizobaki zinapatikana kwenye gramu 113 za urea. Ukitumia mbolea ya CAN badala ya urea, ambayo ina naitrojeni asilimia 26 au 27, pima gramu 200.

Mkulima ataona ni kidogo mno, na ni kweli: ni kama sehemu moja ya kumi ya naitrojeni anayopata kwa kumwaga mfuko mmoja wa urea kwenye eka ya mahindi. Usijaribiwe kuzidisha. Amonia nyingi inaua samaki wachanga na kaa kabla haijamsaidia bakteria yeyote, na ziada inayobaki hulisha mwani. Ukiona mawe yanaanza kuwa ya kijani yenye utelezi, punguza.

Unaweza pia kujiuliza kuhusu jumla. Kipande hicho chenye gramu 5 za mafuta kwa kilo kina kama kilo 120 za mafuta, na kwa hesabu ya vitabuni kuyala yote kunahitaji kama kilo 18 za naitrojeni. Kiasi hicho chote hakihitajiki. Bakteria wanapokufa naitrojeni yao huliwa na wengine, na sehemu nzito ya mafuta haitaliwa hata ukimwaga ghala zima.

Kumwaga kwa kufuata maji

Yeyusha kipimo chako kwenye pipa la lita 200 la maji ya bahari na umwagilie kwa keni maji yakiwa yamekupwa, kuanzia juu kwenda chini. Bomba la mgongoni linafaa tu kama ni jipya. Lililowahi kubeba dawa ya magugu litaua unaotaka kuwalisha.

Chagua maji mafu. Wakati wa bamvua, bahari hupanda mpaka juu kabisa na kushuka mbali, na mbolea iliyoyeyuka inaweza kuondoka yote ndani ya siku moja. Wakati wa maji mafu sehemu ya juu ya ufuo haifikiwi sana, na mbolea hukaa siku kadhaa. Kesho yake pima tena kwenye bomba lako. Hesabu ya hapo juu ni ya kuanzia. Kipimo cha bomba ndicho kinachoamua kama utarudia kila siku au kila baada ya siku tatu.

Kama huwezi kurudi mara kwa mara, tumia mbolea ya punje zilizofunikwa ambayo huyeyuka polepole. Usiimwage huru, mawimbi yatazikusanya punje zote kwenye mstari wa majani yaliyotupwa na bahari. Itie kwenye vifuko vya wavu mgumu, vifunge kwenye vigingi vilivyopigiliwa juu kidogo ya mafuta, maji yanaposhuka yaibebe chini. Muda ulioandikwa kwenye mfuko umepimwa kwa hali ya ubaridi; kwenye mchanga wa nyuzi 30 tarajia iishe mapema zaidi.

Joto hilo, hata hivyo, ni bahati yetu. Kasi ya bakteria huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10, na pwani ya Afrika Mashariki haina msimu wa barafu wa kuwasimamisha.

Mikoko

Kwenye mikoko usifanye karibu lolote kati ya yaliyo hapo juu. Oksijeni kwenye matope huishia milimita chache kutoka juu, kwa hiyo mbolea haina wa kumlisha. Kila hatua ya mguu inasukuma mafuta chini na kuvunja mizizi ya kupumulia. Ufaransa ilijifunza hili kwenye vinamasi vya maji ya chumvi baada ya meli ya Amoco Cadiz kumwaga mafuta mwaka 1978: sehemu zilizokwanguliwa kwa mashine zilichelewa kurudi katika hali yake kuliko zilizoachwa. Zuia mafuta yasiingie kwa kufunga vizuizi mdomoni mwa hori. Yakishaingia, osha mizizi kwa maji ya bahari yasiyo na nguvu, kutoka ndani ya mtumbwi, maji yanapotoka, ili mafuta yaelekee kwenye vizuizi. Njia za kaa ziache wazi. Ndizo zinazopitisha hewa kwenda chini.

Kujua kama wamekula kweli

Macho hayatoshi, kwa sababu mawimbi nayo huosha. Tenga kipande kimoja kisichotibiwa, kwenye kimo kilekile cha maji, angalau mita 10 kutoka kwa kilichotibiwa. Wengi huona uchungu kukiacha, lakini bila hicho huna ushahidi. Chukua sampuli siku ya 0, 14, 28 na 56: sehemu tano za kila kipande, sentimita 15 za juu, changanya, weka kwenye chupa ya glasi yenye karatasi ya aluminiamu chini ya kifuniko, na uigandishe.

Maabara iombe ipime mafuta yote pamoja na hopani. Hopani ni kiungo cha mafuta ghafi ambacho bakteria karibu hawakigusi, kwa hiyo kinapopungua ni mawimbi yaliyokichukua. Tuseme siku ya 0 kulikuwa na miligramu 5,000 za mafuta na 1.0 ya hopani kwa kilo. Siku ya 56 ni 1,500 na 0.6. Mafuta yamepungua kwa asilimia 70, lakini hopani nayo imepungua kwa 40. Gawanya 1,500 kwa 0.6 upate 2,500, nusu ya 5,000. Bakteria wamekula nusu ya mafuta yaliyobaki mahali pake. Upungufu mwingine umerudi baharini.

Kati ya molekuli za mafuta, zile za minyororo iliyonyooka huliwa kwanza, kwa wiki chache. Zenye umbo la pete ndogo hufuata, za pete kubwa huchukua miezi, na lami nzito hubaki. Mafuta mazito ya injini za meli yana lami hiyo nyingi, kwa hiyo usitarajie kasi ya mafuta ghafi mepesi. Kipande kilichotibiwa kikiacha kutofautiana na kisichotibiwa katika sampuli mbili mfululizo, simamisha mbolea, toa vifuko na vigingi, na vipande vya lami vilivyobaki viokotwe kwa mkono kila baada ya bamvua.